Neno "Charming": Asili Yake, Maana Yake na Matumizi Yake

Katika mazungumzo haya twataka kulitazama neno moja la Kiingereza ambalo wanafunzi wengi hulijua kwa sura, lakini hawalijui kwa tabia. Neno lenyewe ni "charming". Ukifungua kamusi utaambiwa kwamba maana yake ni "-a kupendeza", na maana hiyo si uwongo. Lakini mtu akiishika hiyo peke yake, akaenda nayo katika barua au katika usomaji wa hadithi za Kiingereza, hatakawia kupotea njia; maana atasifu pasipotakiwa sifa, na mara nyingine atasoma shutuma akaidhania kuwa ni sifa.

Tutoe mfano mmoja ili jambo hili lionekane wazi. Tuseme yuko bwana mwenye duka anayetafuta karani wa kushika fedha zake. Vijana wawili wamemletea barua za sifa zilizoandikwa kwa Kiingereza na mabwana wao wa kwanza. Barua moja yasema kwamba kijana huyu ni "honest", yaani mwaminifu, na kwamba hesabu zake zilikuwa safi kila mwisho wa mwezi. Barua ya pili yasema kwamba kijana yule ni "charming", na kwamba wote waliofanya kazi pamoja naye walifurahi kuwa naye. Msomaji asiyelijua neno hilo sawasawa atadhani barua ya pili ndiyo yenye sifa kubwa zaidi, kwa kuwa neno lake ni tamu na refu kidogo. Mwenye Kiingereza ataiweka barua hiyo mezani polepole, ajiulize: mbona mwandishi hakusema lo lote juu ya fedha? Hapo hakutukanwa mtu, wala hakusemwa uwongo. Illa neno limewekwa mahali ambapo neno jingine lilitazamiwa, na kule kukosekana kwa lile jingine ndiko kulikosema.

Basi kwa nini neno zuri liwe na kivuli namna hii? Ili kujibu swali hilo hapana budi turudi nyuma sana, mpaka kwa Warumi wa kale.

Warumi walikuwa na neno "carmen", lililotokana na kitenzi chao cha kuimba, "canere". "Carmen" ilikuwa wimbo au shairi. Lakini ilikuwa pia maneno yaliyopangwa kwa kanuni, yakaimbwa au kunuiwa ili kuleta heri au shari. Katika sheria zao za kwanza kuandikwa, zile ziitwazo Sheria za Mbao Kumi na Mbili, zilizotungwa yapata mwaka 450 kabla ya kuzaliwa kwa Isa, ilikuwa ni kosa kubwa kumwimbia mtu "carmen" baya. Kwa fikira zao, wimbo ulikuwa na nguvu ya kutenda kazi, kama vile mshale au sumu. Kutoka kwa Warumi neno hilo likaingia Ufaransa, likageuka kuwa "charme". Na baada ya Wanormani kuitwaa nchi ya Uingereza mwaka 1066, maneno mengi ya Kifaransa yalihamia huko pamoja nao na baada yao. Yapata mwaka 1300 twaliona neno hilo katika maandishi ya Kiingereza, likiwa na maana ya maneno ya uganga.

Msidhani kwamba Waingereza walikuwa hawana uganga wao kabla ya Wafaransa kuwaletea neno. Walikuwa nao, tena mwingi. Vimesalia vitabu vilivyoandikwa kwa mkono yapata miaka elfu moja iliyopita, na ndani yake mna maneno ya kunuiwa ili nyuki watulie wasiuhame mzinga, maneno ya kurudisha ng'ombe walioibwa, na maneno ya kutoa kichomi cha ghafla mwilini. Kwa Kiingereza cha wakati ule maneno kama hayo yaliitwa "galdor", nalo latoka katika kitenzi "galan", ambacho maana yake ni kuimba. Kitenzi hicho kimekufa, lakini kipande chake kingali hai katika jina la ndege mmoja, "nightingale", yaani aimbaye usiku. Angalieni jinsi Warumi na Waingereza wa kale, wasiosemezana, walivyokutana katika jambo moja: kwa wote wawili uganga ni wimbo. Wala sisi tusiwacheke, kwa sababu mahali pengi pwani yetu mganga apungaye pepo hafanyi kazi yake bila ya nyimbo na ngoma.

Kwa hiyo jina "charm" katika Kiingereza bado lina maana ile ya kwanza: hirizi, talasimu, kago, kitu cha kumkinga mtu na mabaya. Kiatu cha farasi kinachopigiliwa juu ya mlango ili kuleta bahati huitwa "lucky charm". Vidude vidogo vya fedha au dhahabu ambavyo mabibi huvining'iniza katika bangili huitwa "charms" pia, ijapokuwa wengi wa wavaao hawatazamii kinga yo yote kutoka kwavyo. Na dawa au hila ikifanya kazi upesi bila ya taabu, Mwingereza husema kwamba imefanya kazi kama "charm", yaani kama vile mtu aliyetiwa azima akapona palepale.

Katika tafsiri ya Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611, mwanafunzi atalikuta neno hili mahali pawili panapofaa kuangaliwa. Katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 18, mtu aitwaye "charmer" ametajwa pamoja na wachawi na wenye kuuliza mizimu, na watu wamekatazwa kumwendea. Tena katika Zaburi ya 58 yuko nyoka azibaye sikio lake asiisikie sauti ya waganga, na hapo limetumika hilohilo neno "charming". Msomaji wa leo akilisoma akadhani kuwa waganga hao walikuwa watu wa kupendeza, atakuwa ameuharibu mstari mzima. Katika mwaka ule neno lilikuwa lingali likitumika kwa maana ya kumnuizia nyoka maneno.

Hata sasa mtu anayecheza na nyoka kwa zumari, kama walivyo wale wa Bara Hindi na wale wa uwanja mkubwa wa Marrakesh katika nchi ya Moroko, huitwa kwa Kiingereza "snake charmer". Wataalamu wa wanyama wametuambia kwamba nyoka hana masikio ya nje, na kwamba anapoinuka na kuyumba mbele ya zumari hufuata zaidi mwendo wa mkono wa mpigaji kuliko utamu wa sauti. Lakini lugha haingojei wataalamu. Na sisi tunao msemo wetu: maneno mazuri humtoa nyoka pangoni. Mtu aliyeufahamu msemo huo amekwisha kufahamu nusu ya neno "charming", kwa kuwa msemo hautuambii kama yule amtoaye nyoka ana nia njema kwake au la.

Katika karne ya 17 ndipo moto wa neno hili ulipoanza kupoa. Watungaji wa mashairi walikuwa wamezoea kusema kwamba macho ya mpenzi yamewaroga, sauti yake imewafunga, nao hawana nguvu za kujitoa. Mwanzoni ilikuwa ni mfano. Msikilizaji aliuona uganga ndani yake. Kisha mfano ukarudiwa, ukarudiwa, mpaka ukachakaa, na watu wakasahau kuwa ni mfano. Sisi twaijua njia hiyo. Mwimbaji wetu akisema, "Binti huyu ameniroga," hakuna mtu anayeinuka kwenda kumtafutia dawa ya kuuondoa uchawi. Wote huelewa kwamba anapenda. Tofauti ni kwamba neno letu "kuroga" lingali na meno yake. Likisemwa juu ya jirani bila ya wimbo, huleta ugomvi na hata mauaji. Neno la Kiingereza limeng'olewa meno yote, likabaki kuchekea watu.

Tena halikuwa peke yake. Neno "enchanting", la kusifia mahali au sauti ya kupendeza sana, latoka katika kitenzi cha Kirumi cha kumwimbia mtu maneno ya uganga. "Fascinating", lisemwalo juu ya kitabu au habari isiyomwacha mtu aondoke, latoka katika kitenzi cha kuroga. Na watu wa zamani walikuwa wakisema kwamba nyoka huweza kumfunga ndege kwa kumkazia macho tu. "Bewitching" lina mchawi ndani yake waziwazi. Na "glamorous", neno la watu wa sinema na mavazi ya fahari, asili yake ni ya ajabu kupita yote: limetokana na neno "grammar", yaani sarufi! Watu wasiojua kusoma waliwaona wenye elimu ya vitabu kuwa ni wachawi. Waskoti wakalitamka neno lile kwa namna yao, wakalitumia kwa kiini macho. Na mwandishi wao Walter Scott, aliyefariki mwaka 1832, akalieneza kwa Waingereza wengine. Wanafunzi wanaochukia sarufi na waikumbuke habari hii.

Sasa tuje kwa lugha yetu. Je, kwa Kiswahili "charming" ni nini? Wengi watajibu kuwa ni "mwenye haiba", nasi twaona kwamba jibu hilo ndilo lililo karibu zaidi. Lakini neno haiba nalo limesafiri. Kwa Kiarabu "hayba" ni kicho, ile hofu pamoja na heshima imwingiayo mtu anaposimama mbele ya sultani au mbele ya simba. Lilipofika pwani yetu likalainika, likawa uzuri wa umbo na mwenendo unaovuta macho ya watu na kuwafanya wamstahi mwenye nao. Basi maneno mawili haya yamepita njia zinazofanana: la Kiingereza limetoka katika uganga, letu limetoka katika hofu, na yote mawili yamefika penye kupendeza. Yote mawili husema kwamba mtu huyu ana nguvu fulani juu ya wenziwe. Walakini haiba imebaki na uzito wa mwili na kimo. Mzee aliyevaa joho, mwenye mwendo wa taratibu na maneno machache, ana haiba. Mwingereza hatamwita "charming", bali atatafuta neno jingine la heshima. Na kijana mwembamba asiye na umbo, lakini mwenye kuchekesha na kumsikiliza kila mtu kana kwamba habari zake ndizo muhimu kuliko zote duniani, huyo ni "charming" hasa, lakini pwani huenda asisifiwe kwa haiba. Ataitwa mcheshi, au mchangamfu, au mkunjufu wa uso.

Uko usemi mwingine wa kwetu unaokaribia sana, nao ni "ana nyota". Mtu mwenye nyota hupendwa na watu pasipo kujitaabisha, na hata yeye mwenyewe hajui sababu. Kinyume chake ni yule masikini asemwaye kuwa ana damu ya kunguni: hakumkosea mtu, lakini akiingia barazani mazungumzo hukatika. Kiingereza kinalo neno la yule wa kwanza. La huyu wa pili, kwa maoni yetu, hakijapata lililo zuri kama letu.

Faida ya kulinganisha hivi ni kwamba twaweza sasa kusema wazi neno "charming" lina nini ndani yake na halina nini. Kwanza, si neno la uzuri wa sura. Mtu mwenye sura nzuri huitwa "beautiful", au "handsome" akiwa mwanamume, na uzuri huo huonekana hata akiwa amelala. "Charming" hutaka mtu aamke, aseme, acheke, akutazame. Mwandishi wa Kiskoti James Barrie, yuleyule aliyemtunga Peter Pan, aliandika mchezo wa kuigiza mwaka 1908 juu ya mwanamke aitwaye Maggie Wylie, ambaye si mzuri wa sura na aamini kwamba hana kile kiitwacho "charm". Anapoulizwa ni kitu gani hicho, ajibu kwa maana ya kwamba mwenye nacho hana haja na kitu kingine, na asiye nacho hata akipewa vyote haviendi mbali. Lakini mchezo wote waonyesha kwamba mumewe alipanda cheo kwa akili ya mwanamke huyo asiyedhaniwa kuwa na kitu.

Pili, na hapa ndipo penye hatari tuliyoitaja mwanzoni, neno hili halisemi neno lo lote juu ya moyo. Hueleza kile ambacho mtu huwafanyia wanaomwona. Halielezi alivyo wakati ambapo hapana amwonaye. Jambo hili lilifahamiwa sana na mwandishi Jane Austen. Katika kitabu chake "Pride and Prejudice", kilichopigwa chapa mwaka 1813, yuko askari mmoja kijana, jina lake Wickham. Afika mji mdogo wa Meryton na mara moja wote wampenda: ana sura, ana sauti, ana maneno, na kila binti aonaye kwamba anasemeshwa yeye hujiona mwenye bahati. Binti mwenye akili kuliko wengine mjini, Elizabeth Bennet, aketi naye na kusikia jinsi alivyodhulumiwa na tajiri mmoja mwenye kiburi, Bwana Darcy. Aamini kila neno. Hajiulizi kwa nini mtu aliyekutana naye juzi tu amfungulie siri zake zote. Baadaye yatokea kwamba Wickham alikuwa amekwisha kulipwa na Darcy pauni 3,000 ili kuiacha haki aliyodai kunyimwa, amezitumia, na tena alijaribu kumtorosha dada yake Darcy, binti wa miaka 15, kwa ajili ya mali yake. Mwisho amtorosha mdogo wake Elizabeth mwenyewe, na nyuma yake aacha madeni kwa wenye maduka. Yule Darcy asiyejua kuchekea watu ndiye azimaye moto huo kwa fedha zake, kwa siri.

Mwanafunzi anayesoma kitabu hicho mitihani ikimngoja, akifasiri sifa za Wickham kwa "mtu mwema wa kupendeza", atasoma nusu ya kitabu akiwa upande wa mwongo. Kwa hakika Elizabeth naye alikuwa upande huo. Lakini msomaji wa Kiingereza huonywa mapema kidogo, kwa kuwa asikia watu wote wakisifu adabu na uso, na hakuna hata mmoja asifuye tendo. Kwetu husemwa: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Hakuna haja ya kufasiri zaidi.

Katika kitabu kingine cha mwandishi huyohuyo, "Emma", kilichotoka mwishoni mwa mwaka 1815, Bwana Knightley abishana juu ya kijana aliyekawia mno kuja kumwamkia baba yake aliyeoa upya. Asema kwamba kijana huyo huenda akawa "amiable" kwa Kifaransa, lakini si kwa Kiingereza. Neno ni moja katika lugha zote mbili, na kusudi lake ni kusema kwamba adabu nzuri ni kitu kimoja, na kuona uchungu wa mwenzako ni kitu kingine. Ni ubishi wa ukurasa mmoja au miwili, nasi twaona wafaa kusomwa na kila mtu anayefundisha lugha ya kigeni.

Shaka hii ya Waingereza haikwisha na Jane Austen. Mwaka 1945 Evelyn Waugh alitoa kitabu "Brideshead Revisited", na ndani yake yuko Anthony Blanche, mtu mwenye ulimi mkali, amwonyaye rafiki yake mchoraji kwamba "charm" ndiyo maradhi makubwa ya Waingereza, na kwamba imeziharibu picha zake kama vile kutu iharibuvyo shamba la ngano. Huenda ametia chumvi. Mtu huyo hupenda kutia chumvi. Lakini inafaa kujua kwamba watu wa lugha hiyo wenyewe hulitilia mashaka neno hili wanalolitumia kila siku mezani.

Kivuli hiki kisitutishe tukaliacha neno. Mara nyingi husemwa kwa nia safi kabisa, hasa juu ya vitu. Nyumba, kijiji, bandari, bustani, barua, kofia, wimbo, desturi ya zamani, vyote huweza kuwa "charming". Sharti moja ni kwamba kitu hicho kiwe na kadiri yake. Neno hili halipendi ukubwa. Kijiji cha wavuvi chenye njia nyembamba na paa za makuti chaweza kuitwa hivyo, lakini mlima Kilimanjaro hauwezi. Mwenye kusimama Moshi asubuhi mawingu yamefunguka, akasema kwamba mlima ule ni "charming", atawafanya Waingereza watazamane. Kwa mlima sema "magnificent", au neno lingine lenye kifua. Vivyo hivyo ziwa kubwa, dhoruba, simba, jeshi linalopita. Na katika matangazo ya nyumba za kuuza huko Uingereza, wenye kusoma wamejifunza kwamba nyumba iitwayo "charming" kwa kawaida ni ndogo, na ni ya zamani.

Juu ya watu, angalieni nani amwambia nani. Neno hili hutoka kwa mtu aliye sawa au aliye juu kumwendea aliye sawa au chini. Bibi mzee aweza kusema kwamba mwalimu kijana ni "charming". Mwanafunzi akiandika hivyo juu ya mkuu wa shule yake, kana kwamba yeye ndiye aliyempima, ataonekana ama mpumbavu ama mfidhuli. Neno lake ni "kind", yaani mpole mwenye kutenda wema. Kadhalika mwanamume akimwandikia mwanamke asiyemjua vema, katika barua ya kazi, kwamba yeye ni "charming", amevuka mpaka wa kazi akaingia mahali pengine. Lakini akimshukuru kwa tendo fulani, na kusema kwamba tendo lile, au barua ile, ilikuwa "charming", hakuna ubaya. Sifa imekwenda kwenye tendo, si kwenye nafsi ya mtu. Angalieni vilevile kauli ya kwamba mtu fulani aweza kuwa "charming" akitaka. Hiyo si sifa hata kidogo. Maana yake ni kwamba mara nyingi hataki.

Kuhusu yule Prince Charming wa ngano, ambaye watoto wa Kiingereza humjua wote, asili ya jina lake ni Ufaransa. Mwaka 1697 Madame d'Aulnoy alitoa ngano ya Ndege wa Buluu, na mfalme aliyemo humo jina lake ni Charmant. Mwana wa mfalme aliyemwoa Cinderella, katika ngano ya Perrault ya mwaka huohuo, hakupewa jina lo lote. Jina lile la kupendeza aliazimwa baadaye. Siku hizi mwanamke wa Kiingereza akisema kwamba anamngojea Prince Charming wake, kwa kawaida anajicheka mwenyewe.

Hata wataalamu wa elimu ya viumbe vidogo kupita vyote hawakujizuia. Mwaka 1964 Sheldon Glashow na James Bjorken, walipoona kwamba hesabu zao zingelingana zaidi iwapo kungekuwako chembe moja zaidi katika maungo ya maada, waliipa jina la "charm". Miaka kumi ilipita kabla ya majaribio mawili ya Marekani, mwaka 1974, kuonyesha dalili yake. Chembe yenyewe, bila shaka, haimpendezi mtu ye yote. Hesabu ndizo zilizowapendeza.

Imebaki namna moja ya kulitumia neno hili ambayo humkwaza mgeni kuliko zote. Tuseme watu wawili wameketi, mmoja asimulia jinsi alivyomwinulia bibi mzigo wake garini, na bibi yule, badala ya kumshukuru, akamwambia atazame asiupasue. Mwenziwe, aliyekuwa akisikiliza, asema neno moja tu: "Charming!" Hapo hasifu. Maana yake ni "Ama kweli, huo ndio uungwana!" kwa kejeli. Katika sauti hutambulika upesi, kwa kuwa huvutwa kidogo, tena hushuka mwisho, na uso wa msemaji haucheki. Katika kitabu hakuna sauti. Kwa hiyo mtazame jambo lililotangulia. Ikiwa kabla ya neno kumetajwa ufidhuli, au mlango uliobamizwa, au chakula kilichoungua, na neno "charming" limesimama peke yake bila ya jina la mtu wala la kitu baada yake, basi ligeuzeni kinyume kabla ya kulifasiri. Na wakati wa kulitamka, "ch" yake ni kama ile ya "chai", na "r" yake, katika matamshi ya watu wa kusini ya Uingereza, haisikiki kabisa, ila irabu iliyo kabla yake huvutwa.